Winchi mbili, bei mbili, na mtoto mmoja kando ya gari

Januari si mwezi wa kununua kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya shule. Wazazi wawili wa Nyasaka, wilayani Ilemela, wanalijua hilo. Wana watoto watatu, na mkubwa wao, kijana wa miaka 15, alikuwa anaingia kidato cha tatu. Lakini Januari hiyo mezani palikuwa na karatasi mbili: orodha ya mahitaji ya shule, na bahasha ambayo fundi alikuwa ameandika nyuma yake bei za winchi mbili.

Gari ndilo linalowalisha. Ni Land Cruiser pikapu ya zamani. Baba huipakia nyavu, unga, sabuni na mafuta ya kula kwenda mialoni, kisha hurudi na magunia ya dagaa hadi Kirumba Mwaloni. Barabara kuu ya kwenda Musoma haina shida: Igoma, Kisesa, Nyanguge hadi Magu, kote ni lami. Shida huanza gari linapoacha lami na kuteremka ziwani. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Ukinyeshewa, hushika tairi kama ugali unavyoshika mwiko.

Desemba iliyotangulia, wakati wa likizo, baba alikuwa amemchukua kijana wake amsaidie kupakia. Mvua iliwakuta njiani wakirudi, na gari likazama hadi ekseli saa kumi na mbili jioni. Walichimba kwa koleo mpaka giza likaingia, wakalala garini. Mama alipiga simu usiku kucha na kila mara aliambiwa namba haipatikani. Asubuhi mzee mmoja wa kijijini alileta maksai wake wanne, wakalivuta. Lakini dagaa walikuwa wameshaloa, na gunia la dagaa walioloa halina mnunuzi.

Ndiyo maana winchi ikafika mezani Januari.

Kwa asiyeijua, winchi ni mota inayofungwa mbele ya gari, nyuma ya bampa au juu yake. Inatumia umeme wa betri kuzungusha ngoma yenye waya wa chuma. Waya unavutwa, unafungwa kwenye mti au gari jingine, kisha mota inaukunja na gari linajitoa lenyewe kwenye tope. Fundi alikuwa na aina mbili. Ya kwanza ilikuwa shilingi milioni moja na laki mbili. Ya pili ilikuwa milioni nne na nusu. Zote mbili ziliandikwa namba ile ile: ratili 12,000, yaani karibu kilo 5,400.

Mama alikwenda gereji na mumewe. Aliitazama bahasha, akauliza swali ambalo baba hakuwa ameliuliza: "Fundi, kama namba ni moja, hizi milioni tatu na laki tatu zaidi ni za nini?"

"Shemeji, umeuliza vizuri," fundi alijibu, akavuta kigoda.

Aliwaeleza kwamba namba ile ni nguvu ya winchi pale waya unapokuwa umebaki safu ya kwanza tu, ile iliyo chini kabisa kwenye ngoma. Kila safu inayoongezeka juu yake hupunguza nguvu. Waya ukiwa bado umejaa kwenye ngoma, nguvu inaweza kushuka hadi karibu theluthi mbili ya ile iliyoandikwa. Hilo ni kweli kwa winchi zote, ya bei ndogo na ya bei kubwa. Kanuni ya mafundi ni kuchukua uzito wa gari pamoja na mzigo, kisha kuongeza nusu yake. Gari la tani tatu linahitaji winchi ya tani nne na nusu. Kwa hiyo, kwa hesabu hiyo, zote mbili zingetosha.

Tofauti iko ndani. Winchi ya bei kubwa mara nyingi huwa na mota isiyochemka upesi, gia zilizochongwa vizuri, breki inayoshika mzigo bila kuteleza, na mipira inayozuia maji na vumbi visiingie. Fundi aliwaonyesha alama ya IP67 kwenye kava la ile ya pili. Tarakimu ya 6 maana yake vumbi halipiti, na 7 ni kwamba inaweza kuzama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa bila kuharibika. Winchi ya bei ndogo inaweza kuandikwa hivyo hivyo, alisema, lakini usiamini kibandiko mpaka umeona mipira yenyewe.

"Anayepeleka watalii Serengeti kila wiki, peke yake porini, huyo nunua ya bei kubwa usifikirie mara mbili," alisema. "Wewe kaka utaitumia mara ngapi kwa mwaka? Mara sita? Basi niulize swali jingine: ikifa, nitapata wapi rimoti yake, swichi zake na kaboni za mota? Za hii ndogo zipo hapa mjini. Za ile kubwa nitaagiza mbali, na utasubiri."

Wakanunua ya bei ndogo. Ada ikalipwa. Nyumbani pakawa na amani, na baba akaona amefanya jambo la akili.

Mara mbili za kwanza winchi ilifanya kazi bila tatizo. Kwenye mchanga wa mwaloni ililitoa gari kwa dakika chache, watu wakapiga makofi. Kijana alipenda kushika rimoti. Alipenda zaidi kuuongoza waya kwa mkono ujipange vizuri kwenye ngoma, kama alivyoona kwenye video za simuni. Baba alimwacha. Alijisikia fahari kuwa na mtoto anayejua kazi.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi ya Aprili, masika yamekolea. Gari lilikuwa na mzigo kamili na lilikaa upande. Mti pekee wa karibu ulikuwa mwarobaini ulio pembeni, kwa hiyo waya ulivutwa kwa kona. Watu kama kumi walisogea kutazama. Kijana alisimama kando ya boneti, mkono mmoja kwenye waya, akaondoa mkono ghafla. Uzi mmoja wa chuma ulikuwa umekatika na kumchoma kiganja.

"Nenda kaoshe, chukua maji nyuma ya gari," baba alimwambia, bila kuachia rimoti.

Kijana alizunguka nyuma. Hakuwa amefungua dumu waya ulipokatika.

Waliokuwepo wanasema ulilia kama risasi. Kipande kilichobaki upande wa gari kilirudi kwa kasi, kikapiga boneti na kuikunja, kikapasua kioo cha mbele. Mahali kilipopiga ni pale kijana alipokuwa amesimama nusu dakika kabla. Hakuna aliyeumia. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu na waya alikaa chini kwenye tope na hakusimama kwa muda mrefu.

Usiku ule baba hakula. Alimweleza mkewe yote, hata kuhusu mkono wa mtoto kwenye waya. Alitegemea aambiwe kwamba wangenunua ile ya milioni nne na nusu. Mama hakusema hivyo. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kilichokatika ni winchi?"

Jumatatu walirudi kwa fundi pamoja. Fundi aliifungua winchi: mota ilikuwa nzima, gia nzima, breki nzima. Kilichokuwa kimekufa ni waya. Siku ulipofungwa ulikunjwa ukiwa mlegevu, bila kuvutwa na mzigo. Kwa hiyo safu za juu zilizama ndani ya zile za chini na kuziponda. Kuvuta kwa kona kulifanya urundikane upande mmoja wa ngoma. Na gari lililoshikwa na tope hadi ekseli linaweza kuhitaji nguvu kubwa kuliko uzito wake lenyewe. Fundi alikiri kosa lake la siku ya kwanza, akasema kazi ya kukunja upya haitakuwa na malipo.

Halafu akasema jambo ambalo wazazi wale wamelirudia mara nyingi tangu siku ile. Winchi ya milioni nne na nusu ingemsaidia baba kwa mengi, lakini waya wake nao, ukivutwa kwa kona ukiwa umepondwa, ungekatika. Na mtoto angekuwa amesimama pale pale.

Walichonunua safari hii hakikufika hata nusu ya bei ya winchi ya kwanza. Walinunua kamba ya sintetiki maalumu ya winchi mahali pa waya, kwa sababu ni nyepesi na ikikatika hairudi na nguvu kama ya chuma, ingawa inataka kukingwa na jua na mawe yenye ncha. Walinunua kapi. Ukipitisha kamba kwenye kapi na kuirudisha garini, nguvu ya kuvuta inakaribia mara mbili, japo mwendo unapungua nusu. Walinunua mkanda mpana wa kuzungushia mti, viungo vya chuma vilivyogongwa muhuri wa uzito vinaoweza kubeba, na glavu nene. Betri ilibadilishwa, kwa kuwa winchi ikivuta kwa nguvu zote inaweza kula zaidi ya ampea 400, na betri iliyochoka huichosha mota pia. Injini huwa inaunguruma muda wote wa kuvuta.

Sheria ziliandikwa na mama, kwa mkono wake, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa gari. Kamba haishikwi ikiwa imekaza. Haikunjuliwi mpaka mwisho. Mizunguko kumi inabaki kwenye ngoma. Katikati ya kamba unatupwa mfuko mzito au koti, ili ikikatika ivutwe chini. Hakuna anayeruka kamba. Na kila mtu anasimama mbali kuliko urefu wa kamba iliyotolewa.

Sheria ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu. Urefu wa kamba ni mita 26, na mwaloni gari likikwama watu hujaa. Wengi wao ni wakubwa: wavuvi, akina mama wa dagaa, wazee wa kijiji. Mtoto wa Kitanzania hafundishwi kuwaamrisha watu wa rika hilo. Kijana alimwuliza baba yake, "Sasa mimi nitawaambiaje wazee waondoke?"

Baba alifikiri. Akamwambia, "Utaamkia kwanza. Halafu utawaomba. Wasiposogea, utanipa ishara, na mimi sitabonyeza rimoti. Kwenye kamba hakuna mkubwa."

Novemba, vuli ilipoanza, gari lilikwama tena, safari hii njia ya mwalo mmoja upande wa Kayenze. Kamba ilipitishwa kwenye kapi, mkanda ukafungwa kwenye mti, koti la zamani la baba likatupwa juu ya kamba. Watu walikusanyika. Kijana alipita katikati yao mwenye glavu mikononi.

"Shikamooni. Naomba msogee nyuma, mpaka pale kwenye mtumbwi."

Wengine walicheka. Mzee mmoja alimwuliza yeye ni nani wa kuwapanga watu. Kijana hakujibu. Alimtazama baba yake na kuinua mkono. Baba alikaa na rimoti yake, hakubonyeza. Dakika moja ikapita, mbili zikapita, mvua ikizidi na dagaa wakiwa nyuma ya gari chini ya turubai.

Mzee alimtazama baba, akamtazama kijana, akageuka na kwenda kwenye mtumbwi. Wengine wakamfuata.

Kijana akashusha mkono, na kamba ikaanza kukaza.