Siku sita porini na mdogo wangu

Kabla ya safari yenyewe, nianze na jambo ambalo sijawahi kulisema katika mkutano wetu: diploma yangu ya ISP ililipwa na lutuku. Mama alikuwa akipika nyuma ya nyumba, pipa juu ya moto, bomba likipita ndani ya maji baridi, chupa chini. Mahindi na mihogo viliingia, minervali ikatoka. Mimi nilisoma. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda moto, alianza kuonja akiwa na miaka 12.

Alipoacha alikuwa na miaka 26. Kwanza tulimpeleka kwa muuguzi, na hili naomba mlishike: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatiza ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kifafa, hata kufa. Msimfungie chumbani mkisema ni ukaidi. Baadaye akaingia katika kikundi kidogo cha watu walioacha, wanaokutana kila Jumatano chini ya mwembe. Mikutano ya namna hiyo haikuanza kwetu. Ilianza Marekani, mji wa Akron, mwaka 1935, pale walevi wawili, mfanyabiashara na daktari, walipoona kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake kuliko mhubiri.

Wazo la kutembea lilikuwa langu. ISP tulisoma habari za Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler akaenda Uingereza. Mwaka 1941, katikati ya vita, alisaidia kuanzisha shule huko Aberdovey, Wales, ambako vijana wa meli walifundishwa na bahari na milima. Wengine walikuja kuichukua njia hiyo, wakawapeleka porini watu wanaotoka katika ulevi, mizigo mgongoni. Nikawaza: pori sisi tunalo.

Basi Julai, shule zikiwa zimefungwa, tukaondoka Sandoa watu saba: wanne wa kikundi, mmoja wao mama wa watoto watano, kisha muuguzi, mwindaji mzee anayejua njia, na mimi. Tulifuata Lulua kuelekea kaskazini, upande wa Kapanga, siku tatu kwenda na tatu kurudi. Kila mtu alibeba unga, chumvi, samaki kavu, blanketi na bidoni ya maji ya lita 5. Ambaye hajatimiza miezi 3 bila pombe hatukumchukua.

Siku ya kwanza ilikuwa kama harusi. Siku ya pili miguu ilikuwa malengelenge matupu, masizi ya majani yaliyoungua yametujaa usoni, na usiku baridi ilikuwa imetunyima usingizi. Mdogo wangu akatupa mzigo, akakaa katikati ya njia. «Yaya, mimi narudia.» Nikainama niuchukue mzigo wake. Ni mazoea yangu. Nimembebea mengi, na madeni pia. Mwindaji akasema: «Mama mwalimu, acha.» Tukakaa. Hakuna aliyemhubiria. Karibu saa nzima ikapita. Ndipo yule mama wa watoto watano akainuka, akachukua bidoni ya mdogo wangu tu, akaenda zake. Kijana akatazama maji yake yakiondoka. Akajitwika mzigo, akayafuata.

Siku ya tatu tulifika kijijini. Wakatupokea kwa bukari na sombe, kisha kikaja kikombe cha lutuku. Kukataa kinywaji cha mwenyeji, mnajua kulivyo. Mimi ndiye niliyetetemeka. Mdogo wangu akakipokea kwa mikono miwili, akamrudishia mzee wa nyumba, akamwambia kwa Kilunda kwamba sehemu yake ya maisha yote amekwisha kuinywa. Wazee wakacheka sana. Wakamletea munkoyo wa siku ileile, ambao haujachacha.

Usiku, karibu na moto, nikamsifu. Hakufurahi. «Yaya, porini ni rahisi. Porini hakuna pipa ya mama.»

Tuliporudi nilimwomba mama aache kupika. Akaniuliza: «Na watoto wawili wa mwisho, nani atawalipia?» Tangu 2019 serikali ilitangaza shule ya msingi bure, lakini hao wako sekondari. Mmoja nimemchukua kwa mshahara wangu. Mwingine bado analipiwa na pipa, na pipa limehamia kwa mama mdogo, mtaa mwingine. Najua si sisi tu katika chama hiki. Siwezi kusimama mbele yenu niwaambie mwache, kwa sababu nimekula kutoka pipa hilo.

Mdogo wangu analala kwangu. Amemaliza mwaka mmoja na mwezi mmoja, ukitoa siku mbili za Desemba; siku ya tatu ilikuwa Jumatano, akarudi mwenyewe chini ya mwembe. Yule mama naye anasimama. Wa tatu amerudia kunywa, na hatumfukuzi. Wa nne alikwenda Kolwezi kuchimba, hatuna habari zake.

Julai tutaondoka tena. Sufuria kubwa tunayo. Tunakosa mablanketi matatu, na nyumba ya kuwapokea wale watoto watano kwa siku sita. Mara ya kwanza walilala kwa jirani anayepika.