Kabla Unitumie Skrinishoti Nyingine ya Tetemeko

Wasee, leo tuongee kuhusu ionosfia. Usikimbie, ni rahisi. Kuanzia kilomita kama 80 juu ya kichwa chako hadi karibu 1,000, miale ya jua inachapa hewa nyembamba iliyoko huko mpaka elektroni zinang'oka na kuelea peke yake. Mawimbi ya GPS yakipita hapo yanachelewa kidogo. Kabla niachane na chuo nilisomea upimaji wa ardhi mwaka mmoja na nusu, na darasani ionosfia ilikuwa na jina moja tu: kosa. Unaipima, unaitoa, unaendelea na kazi yako.

Sasa kuna watu waliochukua hilo kosa wakasema, ngoja kwanza, labda habari iko hapa. Labda miamba ikikaribia kuvunjika huko chini, elektroni huko juu zinaanza kusumbuka.

Hii stori inanigusa kwa sababu binamu yangu anasoma Istanbul. Tangu tetemeko la 6.2 lipige karibu na hapo Aprili 23, 2025, simu yake haipoi. Kila wiki kuna mtu anatuma ramani nyekundu: anga imebadilika, mna masaa 72. Msichana analala na viatu. Mara tatu ametoka nje usiku na blanketi, na mara zote tatu hakuna hata kikombe kilichotikisika. Halafu ananitumia mimi hizo ramani, eti mimi ndio mtu wa sayansi kwa familia. Niliyeacha chuo ndiye profesa wa ukoo. Sawa tu.

Kwa hivyo nimesoma, na kesi yenye nguvu zaidi ni ya Japani. Machi 11, 2011, Tohoku, ukubwa 9.0. Japani ina vituo zaidi ya 1,000 vya GPS vinavyopima ardhi usiku na mchana. Kosuke Heki wa Chuo Kikuu cha Hokkaido alirudi kwa hizo data akaona elektroni juu ya eneo lile zilianza kuongezeka dakika kama 40 kabla. Akaangalia Chile 2010, akaona kitu cha kufanana. Dakika 40, buda! Hizo zinatosha kumshika shosho mkono na kupanda naye kilima polepole.

Lakini 2013 Wajapani wengine wawili, Kamogawa na Kakinami, walimpinga, na pingamizi lao hata muuza smokie analielewa. Ili useme kitu kimepanda, lazima kwanza uchore mstari wa kawaida. Tuseme unauza smokie 100 kila siku, halafu maandamano yanakuja na mauzo yanashuka kwa wiki nzima. Ukichora mstari wako wa kawaida ukijumlisha zile siku mbaya, mstari unainama, na ghafla siku za kabla ya maandamano zinaonekana kama ulikuwa unauza sana. Hukuwa unauza sana. Ni mstari umeshuka. Hao wawili walisema baada ya Tohoku elektroni zilipungua juu ya bahari kwa sababu ya tsunami, na huko kupungua ndiko kulifanya dakika za kabla zionekane zimepanda. Heki alijibu, wakajibiwa, na ubishi haujaisha.

Setilaiti pia zimetumwa. Ufaransa ilirusha DEMETER 2004, China na Italia wakarusha Zhangheng-1 mwaka 2018. Data za DEMETER zilipochanganywa kwa maelfu ya matetemeko, mawimbi fulani ya redio yalionekana kufifia kidogo usiku, masaa machache kabla. Kidogo sana. Ukichukua tetemeko moja peke yake, huoni kitu. Na hao watu wa ramani nyekundu wanakuonyesha nini? Tetemeko moja.

Jua likirusha dhoruba, ionosfia inaruka. Hapa kwetu karibu na ikweta huwa ina fujo kila jioni jua likizama, kwa hivyo grafu ya Nairobi saa mbili usiku inaweza kukutisha bure. Na matetemeko ya 6 kwenda juu hupita 100 kwa mwaka duniani, yaani karibu mawili kwa wiki. Mtu akisema "wiki hii kubwa linakuja mahali fulani," atapatia karibu kila wiki, na atapata wafuasi kuniliko.

Najua biashara hii. Vidio ya "Istanbul imebaki siku tatu" ingenilipia kodi ya nyumba mwezi mzima. Sitaitengeneza, kwa sababu anayeitazama kwanza ni huyo binamu yangu na viatu vyake.

Nilimwambia amuulize mtumaji vitu vitatu: ni wapi hasa, ni lini hasa, na uko wapi ule utabiri wako wa mwezi jana ambao haukutokea? Mtumaji alimblock. Nikamwambia pia afunge kabati kwa ukuta, na viatu viwe chini ya kitanda, si miguuni.

Kinachonisikitisha ni kwamba kelele hii inaficha kitu ambacho kimeshathibitika. Tetemeko kubwa la baharini likishapiga, maji yanainuka, yanasukuma hewa, na ndani ya dakika kama 10 mtikisiko umefika ionosfia. GPS inauona. Julai 2025, Kamchatka ilipotikisika kwa 8.8, mfumo wa NASA unaoitwa GUARDIAN ulinasa alama ya tsunami huko angani kabla mawimbi hayajafika Hawaii. Hapo hakuna kutabiri. Tetemeko limeshatokea, lakini maji bado yako njiani.

Na sisi tunajua maji yanaweza kuwa njiani muda mrefu. Desemba 26, 2004, Sumatra ilipiga asubuhi, na mawimbi yakachukua masaa kuvuka bahari mpaka huku. Somalia walikufa karibu watu 300. Kenya, ambako watu waliondolewa ufuoni, alikufa mmoja.