Kumngojea Tende Azae



Tangu picha za Tende ziwafikie jamaa zetu wa Bujumbura, Uvira na Kasongo, simu yetu haipumziki. Babu aliuliza kama yule ni mbuzi au farasi. Shangazi wa Buyenzi akauliza mnyama wa kimo kile anabeba mzigo gani. Basi tumeona bora tuandike mara moja, kila mmoja asome, na vijana wanaosomea mifugo huenda wakapata la kuwafaa.

Tende ni farasi kamili, mtu mzima, ila ni wa aina ya vibete. Hapa Marekani farasi hawa wana chama chao tangu 1978, na sharti la chama ni kwamba farasi asizidi inchi 34, yaani kama sentimita 86, akipimwa pale manyoya ya shingo yanapoishia mgongoni. Hapandwi na mtu mzima wala hachukui magunia. Mzigo wake mwaka 2024 ulikuwa mimba.

Tunaishi nje kidogo ya Lexington, katika jimbo la Kentucky. Mji huu hujiita mji mkuu wa farasi duniani, na katika miaka ya karibuni umepokea Wakongomani wengi mno, kiasi kwamba sokoni unaweza kununua mahitaji yote kwa Kiswahili. Baba anafanya kazi katika shamba la farasi wa mashindano, wale warefu wenye bei ya nyumba. Nyumba tunayopanga ipo kwenye uwanja wa bibi mmoja mzee ambaye alikuwa na vibete kumi na wawili. Sasa amebaki na mmoja tu. Jina lake la Kizungu lilitushinda, watoto wakamwita Tende kwa ajili ya rangi yake, na hata Bibi mwenyewe sasa humwita hivyo.

Msimu wa kabla yake Tende alizaa usiku peke yake, na asubuhi Bibi akakuta mtoto amekufa ndani ya mfuko wake. Mfuko ulikuwa mwekundu. Tutaeleza maana yake huko mbele. Bibi alilia siku nyingi, na baadaye alipovunjika nyonga na kushindwa kutembea hadi bandani, alituita akasema: mimba hii ni ya mwisho, na kama nayo itaharibika, Tende atauzwa mnadani. Tunaoishi hapa tunajua farasi mzee aliyekwisha kuharibu mimba mbili hupata mnunuzi wa namna gani mnadani. Watoto walisikia maneno hayo. Tangu jioni ile ngoja yetu ikawa na uzito mwingine.

Farasi hubeba mimba kama miezi kumi na moja. Vitabu hutaja siku 340, lakini wengine huzaa siku ya 320 na wengine hupita 360, na wote wakawa wazima. Tende alipandwa tarehe 24 Aprili 2024. Binti yetu alihesabu kwa kalenda, akakuta siku ya 330 inaangukia 20 Machi 2025, yaani kumi la mwisho la Ramadhani likikaribia. Mama akasema hilo ni jema, kwa kuwa nyumba itakuwa macho.

Kazi ya kwanza ilikuwa ni majani. Mtu akiona malisho ya Kentucky yalivyo ya kijani hudhani mnyama hana shida tena, lakini nyasi nyingi za huku ni feskyu, na ndani ya feskyu huishi kuvu asiyeonekana kwa macho. Farasi mwenye mimba akila nyasi hizo katika miezi ya mwisho, mimba hupitiliza siku zake, kondo la nyuma huwa nene, na maziwa hayaji. Kondo likiwa nene, mtoto hashindi kulipasua. Hutoka nalo, limeshaachana na tumbo, naye hukosa hewa. Huo ndio mfuko mwekundu. Katika uzazi wa kawaida kinachotangulia kuonekana ni mfuko mweupe unaong'aa. Kikionekana kitu chekundu kama mahameli, hakuna kumngojea daktari: hukatwa kwa mkasi papo hapo na mtoto huvutwa. Basi kuanzia Januari tulimwondoa Tende malishoni, tukamweka kwenye ua wa udongo, akala majani makavu yasiyo na feskyu. Bibi alipouona ua ule kupitia dirishani alisema angetamani angeambiwa hayo mapema na waliomuuzia shamba. (Miti ya mcheri mwitu aliikata mwenyewe zamani. Mwaka 2001 maelfu ya mimba za farasi ziliharibika katika jimbo hili, na wataalamu waligundua uhusiano na viwavi wanaoishi kwenye miti hiyo. Wazee wa huku huutaja mwaka ule kama sisi tunavyotaja miaka ya vita.)

Jambo la pili ni chakula, na hapa vibete wana mambo yao. Tende ni mnene. Jirani mmoja alitushauri tumpunguzie chakula ili azae kwa wepesi. Daktari wa mifugo alikataa katakata. Kibete mwenye mimba akishinda na njaa, au akigoma kula kwa sababu ya wasiwasi, mwili huyeyusha mafuta yake kwa pupa, yakajaa kwenye damu na kuharibu ini, na anaweza kufa kabla ya mtoto wake. Punda nao wana ugonjwa huo huo, jamaa wenye punda walisikie hili. Kwa hiyo kila asubuhi swali letu la kwanza lilikuwa: amekula? Siku moja ya Februari aliacha majani yake hadi adhuhuri, na tulikaa roho juu mpaka alipokubali karoti iliyokunwa.

Banda tulilitengeneza wenyewe. Kijana wetu, ambaye yupo chuo, alipigilia mbao chini ya uzio pande zote, kwa kuwa kitoto cha kibete ni kidogo mno na kinaweza kubingirika chini ya ubao kikajikuta upande wa pili, mbali na mama yake. Sakafuni tulitandika mabua ya ngano. Unga wa mbao ni rahisi kununua, lakini hugandia kwenye pua mbichi. Kwenye ndoo yenye kifuniko tuliweka mataulo, glovu, mkasi, kitambaa cha kufungia mkia, dawa ya kitovu ya klorheksidini, tochi mbili, saa na daftari. Nambari ya daktari tuliiandika kwa kalamu nene ukutani. Nguo za bandani tulizitundika nyuma ya mlango, mbali na nguo za kuswalia, maana usiku wa namna hiyo damu na maji haviulizi kama umetawadha.

Wiki mbili kabla, kiwele kilianza kujaa. Kisha nyama za mzizi wa mkia zikalegea, ukizigusa zinatikisika kama ugali mwepesi. Farasi wengi hutoa matone ya manjano kama nta kwenye chuchu siku moja au mbili kabla ya kuzaa, lakini Tende hakutoa hata tone, kwa hiyo tulitegemea vijikaratasi vya kupima maziwa. Maziwa yakikaribia uzazi ukali wake huongezeka, na kipimo kikishuka hadi 6.4 basi mara nyingi ni ndani ya siku moja. Kila jioni kabla ya futari binti alikamua matone machache, nasi tukasimama kumzunguka kana kwamba anasoma matokeo ya mtihani. Kwa siku tisa alisoma 7. Jumatano tarehe 26 Machi akasoma 6.4.

Zamu tulizigawa hivi: Baba tangu tarawehe hadi saa sita, kijana hadi saa tisa, kisha Mama na binti hadi daku. Farasi hupenda kuzaa usiku pakiwa kimya, na wanaojua husema anaweza kuahirisha akiona watu wamejazana. Kwa hiyo zamu ilikuwa ni kukaa nje ya mlango, taa ndogo, bila simu.

Saa 10:50 alfajiri ya Alhamisi, Mama yupo jikoni anapasha maharage, binti akaja mbio bila viatu. Maji yamemwagika. Tulipofika Tende alikuwa amelala ubavu, na mfuko ulioonekana kwenye mwanga wa tochi ulikuwa mweupe. Hatukumbuki nani alisema Alhamdulillah kwanza.

Ila furaha ile ilikaa dakika chache. Mtoto wa farasi hutoka kama mtu anayepiga mbizi: mguu mmoja wa mbele, wa pili nyuma yake kidogo, kisha pua juu ya magoti. Kule kutangulia kwa mguu mmoja ndiko kunakoyapunguza mabega yapite. Binti alimulika akasema, "Mama, miguu ni miwili lakini hakuna unaotangulia, na pua ipo pale pale kwenye kwato." Tende alisukuma, vikasogea, akapumzika, vikarudi. Vibete wana vichwa vikubwa kwa miili yao na njia nyembamba, na farasi, tofauti na ng'ombe, hana saa nyingi: tangu maji kumwagika, nusu saa ni nyingi. Daktari alikuwa dakika arobaini mbali. Kijana alimpigia na kuiweka simu kwenye sauti kubwa.

Daktari aliuliza mambo mawili tu: kwato zinatazama chini? Ndiyo. Mtoto anarudisha mguu ukimbana? Mama alibana, ukarudi nyuma kidogo. Basi viwiko vimenasa, akasema. Nani ana mkono mdogo? Mama alikuwa akimsaidia bibi yake mkunga kule Buyenzi tangu akiwa msichana, na mikono yake ni midogo kuliko ya binti. Alivaa glovu, akakirudisha kichwa nyuma kidogo Tende alipopumzika, akaushika mguu wa kulia juu ya kifundo na kungoja. Tende aliposukuma, naye akavuta, kwa upole, kuelekea chini upande wa visigino vya nyuma vya Tende. Mara ya kwanza hakuna kitu. Baba alikuwa amepiga magoti kichwani, ameshika shavu la Tende, anasoma anayoyajua. Mara ya pili kiwiko kikaachia, mguu ukatangulia kama upana wa viganja viwili, na vingine vyote vikafuata vyenyewe. Saa 11:10 kitoto kilikuwa kwenye mabua, kimelowa, rangi ya kahawa ya maziwa. Ni jike.

Baada ya hapo kuna hesabu ambayo Baba aliijua kazini: moja, mbili, tatu. Ndani ya saa moja kisimame, ndani ya saa mbili kinyonye, ndani ya saa tatu kondo litoke. Hatukuukata uzi wa kitovu. Uliachwa ukatike wenyewe Tende alipoinuka, kisha tukauchovya kwenye dawa. Kilisimama saa 11:58, baada ya kuanguka mara saba, na kijana aliandika zote saba. Maharage yaliungua. Daku letu lilikuwa tende na maji, tumesimama uani, na tukaswali alfajiri kwa zamu baada ya kuoga na kubadili nguo. Kondo lilitoka saa 12:40, tukalitandaza chini kama tulivyoelekezwa ili kuhakikisha ni zima, kwani kipande kikibaki ndani mama huweza kupata homa mbaya na kwato zake zikaharibika. Lilikuwa zima.

Kunyonya ndiko kulikotutia wasiwasi wa mwisho. Mtoto wa farasi huzaliwa bila kinga mwilini. Yote huipata kwenye dang'a, na tumbo lake huikubali siku ya kwanza tu. Kitoto kilinyonya ukuta, kikanyonya goti la Tende, kikanyonya kanzu ya Baba. Saa 12:55 kikapata chuchu. Daktari, aliyefika wakati huo, alisimama nasi akisikiliza mlio wa kumeza. Kesho yake asubuhi alirudi kuchukua damu ya kupima kinga, na jioni akapiga simu kwamba ipo ya kutosha.

Bibi tulimleta kwa kiti cha magurudumu Alhamisi ile ile mchana. Hakusema neno. Alinyoosha mkono, kitoto kikanusa vidole vyake kisha kikajaribu kuvinyonya. Habari ya mnada haijatajwa tena, nasi hatujauliza. Siku ya Idi alituma keki, na juu yake kaandika kwa krimu jina alilolichagua mwenyewe baada ya kumuuliza binti yetu mwezi huu unaitwaje. Kitoto anaitwa Ramadhani, ingawa ni jike, na hakuna kati yetu aliyepata moyo wa kumsahihisha.