Hesabu ya Mbio na Mafuta ya Mwili



Ndugu wasomaji, baba yetu alipopimwa na kukutwa na kisukari, daktari alimshauri apunguze mafuta mwilini. Sisi wanawe tukaamua kukimbia naye kila siku baada ya Sala ya Alfajiri, hapa kwetu Mbinga penye vilima na baridi. Mwezi ukapita, mzani ukabaki kilo 80 zilezile. Baba akavunjika moyo, akasema, "Wanangu, hizi ni mbio za vijana, niacheni."

Tuliingiwa na hofu. Tukachukua daftari, tukafanya hesabu. Mtu anayekimbia mahali tambarare hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Kupanda kilima huongeza, mteremko hupunguza. Basi baba, kwa kilomita 3, alitumia kama kalori 240. Lakini tukirudi nyumbani alikunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, kalori kama 50, na maandazi mawili yanayoweza kufika kalori 300. Alichokipunguza njiani alikirudisha mkekani, tena kwa nyongeza!

Tukaendelea. Kilo moja ya mafuta mwilini hubeba kiasi cha kalori 7,700. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni kama kilomita 66. Lau baba angekimbia njia yote hiyo, angetumia kalori 5,280 hivi, zisizofikia hata robo tatu ya kilo ya mafuta. Baba alicheka, kisha akanyamaza. Mwisho akasema, "Kumbe kosa si la miguu, ni la mkono."

Tukakumbuka mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) ya kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Baba akamwuliza kwanza daktari, kwa sababu ya dawa zake. Kisha maandazi na sukari vikaachwa, ugali ukapunguzwa, usipa wa kuchemsha na mboga vikaongezwa. Mbio hatukuziacha, kwani mazoezi huusaidia mwili kutumia sukari hata mzani usiposhuka. Goti likimwuma, tunatembea.

Baada ya miezi minne mzani ulisoma kilo 76. Alhamdulillah.

Wanafunzi wenzetu, hesabu hizi ni za kukadiria tu, wala msijinyime chakula mkaumia, maana ninyi bado mnakua. Lakini wazazi wenu msiwaache wakimbie peke yao. Kimbieni nao, kisha mketi nao mkekani mle kwa kiasi. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.