Fungu la Mtu Aliyepotea

Kwetu Takaungu, kijana akiaga kwenda Mombasa kwa siku mbili akakaa wiki, akirudi aliulizwa kama amefuata njia ya babu. Babu mwenyewe ni ndugu mdogo wa babu yangu mzaa baba, mtu asiyetulia mahali pamoja. Alitoroka chuoni angali mdogo akajificha ndani ya jahazi la Lamu. Akarudishwa, akatoroka tena. Alipobaleghe alikuwa mchukuzi Kilindini, kisha mpishi wa meli za mwambao. Vikaja vita vya Hitla, akapotea moja kwa moja.

Waliobaki nyumbani wakamtungia maisha. Nilipokuwa mtoto, babu alikuwa Bombay, ana duka la vitambaa. Nilipoanza sekondari alikuwa keshahamia Rangoon, ameoa huko na ana wajukuu. Kila aliyeleta habari alikuwa ameipata kwa baharia fulani, na baharia hajulikani. Wengine walicheka tu. Shangazi hakucheka. Yeye alimwona nyanya yake akikata roho huku akimtaja mwanawe, na alivyojua yeye, ami yake alikuwa hai, anakula raha na kwao kapasahau. Kwa ajili hiyo jina la babu halikupewa mtoto yeyote katika ukoo, na kwetu majina ya wazee hayaachwi kupotea hivi hivi.

Kilichotugombanisha hasa kilikuwa minazi. Baba wa babu na nduguze alifariki miaka kadhaa baada ya vita. Katika mirathi ya Kiislamu mtu aliyepotea hahesabiwi maiti mpaka upatikane ushahidi au kadhi ahukumu kuwa amekufa. Fungu lake huwekwa kando likamngoja. Basi shamba likagawanywa, na kipande cha babu kikabaki bila mwenyewe. Ukiangua nazi pale, unakula cha mtu. Usipoangua, zinaibwa na watu wengine. Ndugu wa damu walinuniana hata Idi kwa sababu ya kipande kile, na minazi yenyewe ilikuwa imezeeka haizai kitu.

Barua ilipatikana tulipokuwa tukiezua makuti ya nyumba ya Shangazi ili tuweke mabati. Kasha la nyanya yake lilitolewa uani, na chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga, ikawemo bahasha. Barua ilikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sisi sote tumehitimu Kurani, lakini maandishi yale ya zamani, yasiyo na irabu, yalitushinda. Mzee mmoja wa msikitini akatusomea. Babu anamsalimu mamake, anaomba radhi, anasema watasafiri karibuni na hawakuambiwa waendako, na dau lake lisiuzwe.

Mimi nilivutwa na bahasha. Nyuma yake palipigwa taipu namba, jina tusilolijua, na maneno 301 Field Regiment, E.A.A. Lile jina Shangazi alilitambua: lilikuwa la mzee wa upande wa kuukeni. Babu alijiandikisha kwa jina hilo, bila shaka ili babake asimfuate kumtoa jeshini. Ndiyo maana kila tulipomtafuta kwa jina la nyumbani hatukuona kitu.

Kikosi namba 301 kilikuwa cha mizinga, cha askari wa Afrika Mashariki. Kiliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ndani ya meli iitwayo Khedive Ismail, ikielekea Colombo. Siku ya Jumamosi, tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora mawili. Askari wengi walikuwa chini melini. Meli ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Wachache waliokuwa wakielea walikutwa na balaa jingine, kwani manowari za Uingereza, Petard na Paladin, zilimwaga mabomu majini kuisaka nyambizi, na watu wao wakiwa palepale. Nyambizi iliangamizwa. Katika meli walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo wauguzi wa kike. Waliookolewa walizidi kidogo tu 200.

Jina la bahasha, pamoja na namba ileile, limo katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Limeandikwa pia kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Nilimpelekea Shangazi picha. Aliitazama kitambo, akasema, "Kumbe hata wiki mbili hakukaa huko." Akatuma aitwe mwalimu, isomwe hitima.

Kwa kadhi tulikwenda na karatasi zote, na jambo tusilolifikiria ndilo lililomaliza kesi. Babu alikufa 1944, babake akafuata baadaye. Aliyetangulia kufa hamrithi aliyebaki. Kwa hiyo fungu tulilolilinda na kuligombania miaka yote hiyo halikuwa lake hata siku moja. Likarudishwa kwa warithi wengine.

Nawe kama kwenu kuna mzee aliyechukuliwa na Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, vita vya Hitla, orodha ya Tume iko kwenye intaneti bila malipo. Usitafute jina la nyumbani peke yake. Jaribu la baba, la babu, la ukeni, na tahajia za makarani. Tafuta namba. Kwa wapagazi wa jeshi, walioitwa Kariakoo, wa vita vya 1914 hadi 1918 ni vigumu zaidi: Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kuwa waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mwenye mtu miongoni mwa hao hana orodha ila wazee wake. Waulizeni mapema.