Profesa Salam wa Trieste

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mhadhiri kijana wa fizikia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fedha za kigeni zilikuwa zimeadimika nchini, na majarida ya kitaalamu yalitufikia yakiwa yamechelewa mno, mengine hayakufika kabisa. Ndipo nikapata nafasi ya kwenda Trieste, Italia, kwenye kituo cha fizikia ya nadharia alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Nilipoingia maktaba ya kituo hicho, pale Miramare, na kuona matoleo mapya yamepangwa rafuni, nilijihisi nimerudishwa kazini.

Profesa mwenyewe hakufanana na mkurugenzi yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa na ndevu, kicheko kikubwa na haraka isiyokwisha. Alilala mapema, akaamka kabla ya alfajiri, na katika saa hizo za kimya, chai na vitu vitamu vikiwa karibu, ndipo alipofanya hesabu zake ngumu. Mawazo yalimjia kwa wingi, na lililoshindwa alilitupa bila kulionea huruma.

Mwaka 1979 alikuwa ametunukiwa Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kuonyesha kwamba nguvu ya sumakuumeme na ile nguvu dhaifu inayofanya baadhi ya viini vya atomu vioze zina asili moja. Huko Stockholm, kwenye sherehe ya tuzo, katikati ya wanaume waliovaa suti nyeusi, alisimama na kilemba cheupe, koti refu la Kipunjabi na viatu vyenye ncha zilizopinda juu. Mwaka 1983 watafiti wa maabara ya CERN walizigundua chembe za W na Z zilizotabiriwa na nadharia hiyo.

Lakini chanzo cha kituo chake kilikuwa uchungu. Mwaka 1951 alirudi kwao Lahore, Pakistan, kutoka Cambridge akiwa na shauku ya kujenga utafiti nyumbani. Hakupata mtu wa kujadiliana naye. Chuoni alikabidhiwa hata timu ya mpira wa miguu. Mwaka 1954 aliondoka, kwa kuwa hakuweza kuwa na fizikia na nchi yake kwa pamoja. Hakutaka sisi tunaswe katika mtego huo. Kwa mpango wake wa washirika, mwanasayansi wa nchi maskini aliweza kuja Trieste kwa miezi kadhaa, akarudi kufundisha kwao, kisha akaja tena. Fedha zake za Nobel nazo alizitoa kuwasaidia vijana wa nchi zinazoendelea. Hata Pakistan ilipoitangaza jumuiya yake ya kidini ya Ahmadiyya kuwa si Waislamu mwaka 1974, hakuuacha uraia wake hadi alipofariki Oxford mwaka 1996.

Nami nilirudi Mlimani, nikafundisha hadi kustaafu. Baadhi ya wanafunzi wangu walikwenda Miramare, nao wakarudi. Salam aliamini kwamba kipaji cha fizikia huzaliwa popote. Kinachopungua kwetu ni maktaba, nauli na mwenzako wa kubishana naye. Maisha yangu yote ya kazi ni ushahidi kwamba alikuwa sahihi.