Swali nililolimeza

Wadau, jana semina ya fizikia hapa chuo, Dodoma, ilijaa kweli. Wageni wawili: mpima mionzi na mtabiri wa hali ya hewa. Swali langu lilikuwa moja tu: ukiacha ualimu, ajira ziko wapi? Nikaogopa kuchekwa, nikalimeza.

Usiku nikamkumbuka Erasto Mpemba. Miaka ya 1960, Dk. Denis Osborne alikwenda kuzungumza shuleni kwao Mkwawa, Iringa. Mpemba akamuuliza kwa nini maji ya moto huwahi kuganda kuliko ya baridi. Wenzake wakacheka. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wakati huo Mpemba anasomea wanyamapori, Mweka!

Barua pepe ya mtabiri ninayo. Ngoja nimwandikie.